Jino la Babati na Mkono wa Mwanafunzi

Msomaji wa Unguja au Pemba huenda akauliza mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mwaka 2002, unamhusu nini. Afya si jambo la Muungano, lakini elimu ya juu ni jambo la Muungano. Kijana aliyefundwa udaktari wa meno Muhimbili aweza kupangiwa kazi Babati, na mwenzake wa darasa moja akaajiriwa Chake Chake.

Kazi inayopima mkono wa kijana huyo kuliko nyingi nyingine ni tiba ya mzizi wa jino. Jino lililooza hadi ndani hutobolewa, mshipa uliokufa hutolewa kwa vijitupa vyembamba, mfereji wa mzizi husafishwa kwa dawa, kisha huzibwa kwa aina ya mpira. Kizibo chapaswa kukoma ndani ya milimita 2 kabla ya ncha ya mzizi. Kikiwa kifupi mno, vijidudu husalia. Kikipita ncha, hudhuru mfupa. Mwanafunzi hukosea zaidi kwenye magego, ambayo mizizi yake ni miwili au mitatu na mifereji yake imepinda. Ndivyo ilivyo katika vyuo vya nchi nyingi, wala si aibu.

Lakini mwanafunzi ana bahati ambayo mhitimu huikosa: mwalimu yupo nyuma yake, na picha ya eksirei huonyesha kosa kabla mgonjwa hajaenda zake. Daktari aliye peke yake wilayani, akikosa eksirei ya meno, hupapasa gizani. Tena Manyara imo katika Bonde la Ufa, ambako floridi nyingi katika baadhi ya maji hupaka meno rangi ya kahawia. Rangi hiyo si kuoza, na macho matupu yaweza kumpotosha tabibu. Basi hushika koleo, na jino lililoweza kuokolewa likang'olewa. Hatumlaumu, afadhali pengo kuliko kizibo cha kubahatisha.

Wizara za Afya za pande zote mbili zinapompangia daktari wa meno kituo, hazina budi kutazama kwanza kama chumba chake kina eksirei na vijitupa. Nacho chuo kimwite tena mhitimu baada ya miaka miwili, aje na picha za vizibo vyake, zikaguliwe na walimu wale wale waliomfaulisha.