Kati ya Ubundu na hakimu wa watoto

Sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto, nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inataka kila mji na kila wilaya iwe na mahakama ya watoto. Ukiisoma Kisangani unaona ni sheria nzuri, na ni nzuri kweli. Ukiisoma Ubundu unaanza kuhesabu nauli. Reli ya kilomita 125 kati ya Ubundu na Kisangani, iliyofunguliwa mwaka 1906 ili kuyakwepa maporomoko ya Boyoma, bado ipo, ila treni inapita kwa siku zake yenyewe. Asiyeweza kuingoja anatafuta pikipiki au baiskeli, na mvua ikinyesha anashuka anasukuma. Mto nao haumfikishi, kwa sababu maporomoko yamekaa hapo katikati. Mtoto aliyebakwa, aliyetoroka kikundi chenye silaha, au aliyepotezana na mama yake kijiji kilipochomwa, wote wamo ndani ya sheria. Sisi tunaofanya kazi ya kulinda watoto tunabaki na swali dogo zaidi: nani anampokea siku ya kwanza, na nani bado anajua aliko miezi sita baadaye?

Jibu langu, ambalo baadhi ya wenzangu hawalipendi, ni kwamba tumejenga ncha mbili tukaiacha katikati. Vijijini, karibu mashariki yote ya Kongo, tumeunda RECOPE, yaani mitandao ya wanajamii ya kulinda watoto: walimu, akina mama wa kanisa, vijana, chifu au mjumbe wake, wote wa kujitolea. Mjini kuna mahakimu, mawakili, vituo, ofisi za mashirika na mikutano isiyokwisha. Katikati panatakiwa mfanyakazi wa serikali anayelipwa, mwenye daftari na chombo cha usafiri. Huyo hatujamjenga.

Tangu Februari 2023 pengo hilo limeonekana wazi. Ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, uliochochewa na eneo lililokabidhiwa kampuni ya kilimo ng'ambo ya kushoto ya mto, uligeuka mapigano katika komini ya Lubunga ya Kisangani, kisha ukaenea vijijini, Ubundu na Opala. Watu waliuawa kwa mapanga, mishale na bunduki za kuwindia. Nyumba zilichomwa, na maelfu ya familia zikakimbilia mjini, zikalala makanisani, mashuleni na kwa ndugu. Vita vya namna hii vina ugumu wake kwa mlinzi wa mtoto. Hakuna kambi wala kamanda unayeweza kumpelekea orodha ya majina ukamwambia awaachie watoto. Anayepigana ni jirani, na kijana wa miaka 15 aliyeshika panga usiku asubuhi yuko shambani na baba yake. Zaidi ya hapo, watu wa makabila haya wameoana. Mtoto anaweza kuwa na mjomba upande huu na baba mdogo upande ule, na mfanyakazi anayetaka kumrudisha kwa jamaa lazima kwanza aulize ni jamaa gani, na nani atapita naye kwenye kizuizi cha barabarani.

Njia ya Ubundu hadi Kisangani imeshapitwa zamani na watoto waliotengana na wazazi. Mapema mwaka 1997 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliotoka kambi ya Tingi-Tingi walifika Ubundu, wakavuka mto, wakaifuata reli kuelekea Kisangani na kupiga kambi Lula, Kasese na Biaro. Mwezi wa Aprili kambi hizo zilishambuliwa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 kuhusu uhalifu mkubwa uliofanyika Kongo imeyaeleza mauaji hayo kwa urefu. Tarehe 4 Mei watu 91 walikufa kwa kubanwa ndani ya mabehewa ya treni iliyowatoa Biaro, na hapo ilikuwa safari ya kuwaokoa. Miongoni mwa waliorudishwa Rwanda kwa ndege kutoka Kisangani walikuwamo watoto wengi wasio na mtu.

Nawataja kwa sababu ya kazi iliyofanywa kwa watoto kama hao. Kuanzia mwaka 1994 huko Goma, na baadaye ndani ya Rwanda yenyewe, Msalaba Mwekundu, UNICEF, UNHCR na mashirika mengine yaliendesha kazi ya kuunganisha familia kwa kiwango ambacho Afrika ilikuwa haijawahi kukiona. Makumi ya maelfu ya watoto walirudi kwao. Somo la miaka ile ni la karani: mtoto anapatikana au anapotea kutokana na kilichoandikwa saa chache baada ya kuokotwa.

Chukua mtoto wa miaka minne. Ukimuuliza jina la mama yake atakwambia, "Mama." Mfanyakazi asiyefundishwa ataandika "hajulikani" na kufunga fomu. Aliyefundishwa anakaa chini, kwenye mkeka, na kuendelea polepole.

"Watu wakimwita mama wanasema mama nani?"

"Mama Makayabu."

Tayari ana kitu. Mama huyo anauza samaki wa chumvi, au bibi yake ndiye aliyekuwa anauza, na sokoni wapo wanaomjua. Anaendelea: kengele ya kanisa ilikuwa inasikika nyumbani? Mlikuwa mnaoga mtoni au kisimani? Nani anakubeba mama akienda shamba? Mlivuka maji kwa mtumbwi? Kila jibu linaandikwa kwa maneno ya mtoto mwenyewe, kwa lugha aliyoisema, kwa sababu lafudhi na jina la utani vinaelekeza kuliko jina la kitabuni. Nguo aliyokutwa nayo haitupwi hata kama imechanika. Aliyemleta hapewi asante na kuachwa aende. Anaandikwa jina, njia aliyotokea na mahali alipomwona mtoto mara ya kwanza. Na mtoto mchanga asiyejulikana habandikwi jina zuri la kituoni bila kuandika kwamba jina hilo ni la kupewa. Jina la kupewa likishazoeleka, mama anayemtafuta kwa jina lake halisi anaambiwa hayupo.

Fomu hiyo ikijazwa vizuri na kufungiwa kwenye sanduku la mradi, haina faida. Miradi ya dharura hudumu miezi 6, ikizidi 12. Shirika linapofunga ofisi, faili linakwenda wapi? Kwa kanuni linakwenda DIVAS, Divisheni ya Mambo ya Kijamii ya serikali. Kwa vitendo, mara nyingi linabaki kwenye kompyuta iliyosafirishwa Kinshasa, na aliyemhoji mtoto ameshapata kazi kwingine.

Siku hizi watu wengi mjini, wakisikia habari za watoto waliotengana, wanawazia jengo: kituo cha yatima, kibao kikubwa mlangoni, vitanda vilivyopangwa. Mimi sipendi vituo vya kukaa muda mrefu, na viwango vya kimataifa vya ulinzi wa mtoto katika dharura, vilivyotolewa mwaka 2012 na kurekebishwa mwaka 2019, vinasema hivyohivyo kwa lugha ya upole zaidi. Kituo kinavuta watoto. Mzazi aliyekosa chakula anaona mwanawe atashiba pale, anamwambia aseme hana wazazi. Familia ya malezi ya muda ni bora, mradi ichaguliwe na kutembelewa. Nayo ina mtego wake. Ukiilipa pesa taslimu kwa kila mtoto, kesho utaletewa watoto usiowatarajia. Usipoipa chochote, mtoto wa kupokelewa ndiye atakayeamshwa alfajiri kuchota maji na kutwanga mihogo wakati wenzake wanajiandaa kwenda shule. Kinachofaa ni kuisaidia nyumba nzima: sufuria, mbegu, karo za sekondari za watoto wote wa nyumba ile, kisha mtu kupita bila kutoa taarifa na kuangalia nani anakula wapi.

Kanuni hiyohiyo inawahusu waliopitia vikundi vyenye silaha. Kisangani iliwaona kadogo, yaani askari watoto, wakiingia na jeshi la waasi la AFDL tarehe 15 Machi 1997, wengine wakiwa wadogo kuliko bunduki walizobeba. Tangu wakati huo sheria imekaza. Kifungu cha 187 cha sheria ya 2009 kinamfunga miaka 10 hadi 20 mtu anayeandikisha au kutumia mtoto chini ya miaka 18 katika jeshi, kikundi chenye silaha au polisi. Thomas Lubanga wa Ituri, iliyokuwa zamani sehemu ya mkoa uleule wa Orientale uliokuwa na makao yake Kisangani, ndiye mtu wa kwanza kuhukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, Machi 2012, kwa kosa hilo la kutumia watoto vitani. Lakini mtoto anayerudi kijijini hakutani na kifungu cha 187. Anakutana na mwenzake ambaye hakupigana, ambaye nyumba yao ilichomwa, na ambaye hakupewa chochote. Ukimpa aliyeshika silaha cherehani na viatu, mwingine akabaki mikono mitupu, umewafundisha wote wawili jambo baya. Kanuni za Paris za mwaka 2007 ziliyaona hayo, ndiyo maana zinataka msaada uende kwa watoto wote wa mahali pale. Wafadhili wanazikubali, kisha wanaomba orodha ya "walionufaika" iliyotenganishwa.

Kuna kazi moja isiyongoja kamati. Mtoto aliyebakwa anahitaji dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI ndani ya saa 72. Hesabu saa hizo kutoka kijiji cha ndani Ubundu: usiku wa kwanza anaficha, siku ya pili anamwambia shangazi, jioni wazee wanakaa kuzungumza juu ya mbuzi na faini, asubuhi ya tatu mtu anakwenda kuazima baiskeli. Sheria za Julai 2006 kuhusu ubakaji hazikuweka nafasi ya mbuzi, lakini mbuzi yuko karibu na hakimu yuko mbali. RECOPE inaweza kufanya mambo mawili hapa. Ya kwanza ni kuhakikisha dawa zipo kwenye kituo cha afya kilicho karibu zaidi, si hospitali kuu pekee. Ya pili ni kufunga mdomo. Nimeona kesi nyingi zaidi zikiharibika kwa sababu mjumbe mwenye nia njema alimtaja msichana kwenye mkutano kuliko kwa sababu hakuna aliyejali.

Habari, ajabu, zinapanda haraka kuliko msaada unavyoshuka. Tangu azimio nambari 1612 la Baraza la Usalama la mwaka 2005 kuna utaratibu wa kukusanya na kuthibitisha taarifa za aina sita za ukiukaji mkubwa dhidi ya watoto vitani. Ni kazi ya lazima. Ila mtoto wa Ubundu anaweza kuwa namba kwenye ripoti inayosomwa New York kabla hajapata cheti cha kuzaliwa. Cheti hicho si jambo dogo: siku 90 za kuandikisha zikipita bila mzazi kufika ofisini, inahitajika hukumu ya mahakama, na tunarudi palepale, kwa hakimu aliye kilomita 125.

Ningepewa fungu moja tu la fedha kwa Ubundu, nisingejenga. Ningelipa mishahara ya maafisa wachache wa DIVAS wakae makao makuu ya wilaya na kwenye sekta, kwa miaka mitano, si kwa miezi sita. Ningewapa pikipiki na mafuta, daftari moja la wilaya lenye nakala Kisangani, na ningemwomba hakimu wa watoto aje Ubundu kwa ratiba inayojulikana, akae siku kadhaa, asikilize kesi na kutoa hukumu za vyeti kwa mkupuo. Mahakama za kuhamahama si jambo geni Kongo. Zimeshatumika kwa makosa makubwa kuliko haya. Haraka ina sababu yake. Aliyekuwa na miaka 15 mapigano yalipoanza Februari 2023 anatimiza 18 ndani ya miaka mitatu, na kuanzia siku hiyo jambo lolote jipya linalompata halimhusu tena hakimu wa watoto.