Je, Wajua Ua la Pomboo Lina Ndugu Zake Nyanda za Juu?

Chuma ua moja la delfiniamu, ulitazame kwa ubavu. Nyuma limeota mkia mwembamba kama kipi cha jogoo. Likiwa bado tumba, mkia huo hulifanya lifanane na pomboo anayechupa majini, na jina lenyewe limetokana na neno la Kigiriki la mnyama huyo. Sasa lifungue taratibu. Ile bluu inayowasimamisha wapita njia si petali. Ni sepali tano, vile vifuniko vya tumba, vilivyojitia rangi. Petali halisi ni ndogo, zimejibana katikati, na mbili kati yake zimeingiza mikia yao ndani ya ule mkia mkubwa. Humo ndimo iliko nekta.

Si kila mdudu atakayeifikia. Huko Nyika, kaskazini mwa Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba Delphinium leroyi, spishi nyeupe inayonukia, huchavushwa na nondo wenye mrija mrefu wanaonyonya huku wakielea hewani. Spishi hiyo huota Tanzania pia, kwenye nyasi za milimani, na nduguye wa bluu, Delphinium dasycaulon, yumo nyanda zetu za juu kusini. Basi anayesema hili ni ua la Kizungu ana haki nusu tu: za Kizungu ni hizi za pakiti, zilizozalishwa bustanini huko Ulaya.

Hapa Nanyala, kando ya barabara kuu ya Tunduma, baridi ya Juni inalifaa sana. Kinachotutesa ni mbegu. Mwaka mmoja nilinunua pakiti iliyoshinda juani kibandani kama karanga za kuanika, zikaota tatu. Joto huiua mbegu ya delfiniamu upesi. Itie kwenye chupa kavu, uifunge vizuri, uiweke kwenye friji. Kama huna, muombe mwenye duka akubanie nafasi nyuma ya soda. Siku ya kusia, ifukie kidogo, maana hupenda giza, na kitalu kikae kivulini penye ubaridi.

Miche ipe udongo wenye samadi iliyooza, usiotuamisha maji. Mwagilia shinani, si majanini, na usiisonganishe: pasipopita hewa, ubwiri unga haukawii. Shina lake lina uwazi ndani kama mwanzi, na upepo hulivunja kwa mkupuo mmoja likishabeba maua. Kwa hiyo kijiti cha kuliegemeza kichomeke mapema, kabla matumba hayajatokea. Maua yakiisha, kata bua. Mara nyingi litachipua na kuchanua tena.

Lakini yale mabua usiyatupe zizini. Mmea mzima una sumu, na mojawapo ya kemikali zake huziba njia ya neva kuamrisha misuli, mnyama akalegea mpaka kupumua kukamshinda. Magharibi mwa Marekani ndugu zake wa porini huua ng'ombe malishoni. Kondoo huistahimili sumu hiyo zaidi, na wapo wafugaji huko wanaowatanguliza kondoo wale na kukanyaga kwanza, ndipo ng'ombe wafuate. Mimi sina kondoo, na ndama wa jirani hukata kamba kila wiki. Mabua yangu nayafukia shimoni siku ileile.