Pilipili inakataa kuota? Angalia baridi mbele ya kulaumu mbegu

Majuma mawili baada ya kumwaga mbegu za pilipili, kitalu kingali udongo mtupu. Maharagi ya siku ileile yamekwisha kufungua majani. Hapo ndipo wakulima wengi wa Butembo na Lubero wanapindua udongo, wanarudi sokoni kununua mbegu zingine, na mvua inaendelea kupita. Mara nyingi zile za kwanza zilikuwa zingali nzima.

Pilipili si maharagi. Mbegu yake inapenda joto la digri 25 mpaka 30. Chini ya digri 15, karibu zote zinalala. Butembo iko juu ya meta 1700 na usiku udongo unapoa sana. Ndiyo maana mtu wa Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, anaweza kuona miche ndani ya siku 10, na ndugu yake wa milimani akangoja majuma matatu ao mane. Basi, mbele ya majuma mane usipindue.

Kilichobaki ni kuipatia joto. Lowesha mbegu usiku mmoja ndani ya maji ya vuguvugu, si ya moto. Zimwage ndani ya basini ya zamani iliyotobolewa chini, uzifunike na udongo laini usiozidi sentimeta 1. Funika na plastiki yenye kuangaza, uweke jikoni karibu na mbabula, si juu yake. Udongo uwe na unyevu tu. Maji yakisimama mbegu inaoza, na hapo hata kungoja hakusaidii. Miche ikitokea, toa plastiki, peleka kwenye mwangaza.

Lakini kuna mbegu iliyokufa kweli: ile ya pilipili ingali kijani haijakomaa, na ile ya pilipili iliyokaushwa juu ya moto mara nyingi imeungua. Chagua tunda lililoiva jekundu kwenye mti, anika mbegu kivulini. (Na usijiguse macho!)

Mwenye kuogopa kupoteza msimu anaweza kujua mapema bila kutoa franka. Hesabu mbegu 20, zifunge ndani ya kitambaa kilicholowa, kisha ndani ya sacheti, mahali pa joto. Fungua kila siku mbili. Kama 15 zinatoa mizizi, mwaga bila wasiwasi. Zikitoa 5 tu, mwaga mara tatu zaidi, ao tafuta zingine wakati mvua haijaanza.