Kwa nini wauguzi hunenepa kazini

Yamkini umewahi kufunzwa jinsi ya kula na muuguzi mnene, ukacheka moyoni. Usicheke. Anajua anachokisema, kazi yake ndiyo inayomshinda. Isitoshe, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu wanawake 4 kati ya 10 nchini Kenya walikuwa na uzito uliozidi.

Hospitali za rufaa za Meru na Embu hupokea wagonjwa kutoka vijijini usiku na mchana, na muuguzi ndiye hubaki nao wodini. Mtu akiwa na wasiwasi kila siku, mwili hutoa homoni iitwayo kotisoli, ambayo humtia hamu ya vitu vitamu na vya mafuta. Unene wa namna hii hupenda kukaa tumboni. Zamu ya usiku huzidisha mambo, kwani anayekosa usingizi huhisi njaa hata akiwa ameshiba.

Muuguzi mmoja wa makamo alinijia akilalamikia kichwa. Presha yake ilikuwa imepanda. Hupima za watu kila siku, lakini yake hakuwa ameipima kwa miaka miwili! Aliniambia usiku hali kitu, "ni chai tu". Tukahesabu: vikombe vinne, vijiko vinne vya sukari kila kimoja. Hizo ni karibu gramu 64, na Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asipite 50 kwa siku. Mandazi hakuyahesabu kwa kuwa aliletewa na wenzake.

Hapo ndipo penye utata. Wenzake hao ndio waliomshikia zamu mtoto wake alipougua, na mwenye watu kama hao huhimili taabu kuliko aliye peke yake. Lakini sisi watu wa huku upendo wetu huja na sahani. Sikumwambia awakimbie. Nilimwomba awashawishi walete githeri au matunda, na sukari waipunguze wote pamoja, kwani anayejinyima peke yake hamalizi wiki.

Nawe ufanyaye kazi usiku, jipime kiuno kwa utepe wa fundi wa nguo. Mwanamke akipita sentimita 88, au mwanamume 102, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo imeongezeka sana. Nenda upimwe sukari na presha. Na mumeo akinung'unika kwamba walala mchana, mwonyeshe makala haya. Usingizi baada ya zamu ni sehemu ya matibabu, wala si uvivu.