Redio ya Mtandaoni Yafika Ruaha Mbuyuni, Bili Yabaki kwa Msikilizaji

Kituo cha redio cha Iringa mjini kinapomwambia mteja wa matangazo kwamba kinasikika Nyanda za Juu Kusini kote, mkulima wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni ana haki ya kucheka. Kiutawala Mbuyuni ni Iringa, wilaya ya Kilolo. Kwa mawimbi ya FM ni nchi nyingine. Mji wa Iringa umekaa juu, mita zipatazo 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mbuyuni iko bondeni, kando ya Ruaha Mkuu, kwenye joto na mibuyu, na milima ya Kitonga imesimama katikati. Mawimbi ya FM huenda moja kwa moja, na mlima ukiyakinga yanaishia hapo. Madereva wa malori ya barabara kuu ya TANZAM wanalijua hilo: wakianza kuteremka Kitonga, mtangazaji anakwaruza, anakatika, mwishowe unabaki mvumo mtupu.

Pengo hilo ndilo lililoipa soko redio ya mtandaoni. Barabara kuu haikosi abiria, na penye abiria kampuni za simu husimika minara. Kwa hiyo mtu aliyekaa kijiweni Mbuyuni na simu janja yake anaweza kusikiliza kituo cha Mbeya, cha Iringa au cha Dar es Salaam bila kujali mlima. Vituo vyenyewe vimechangamkia. Leo ni nadra kukuta redio ya mkoa isiyo na kiungo cha kusikiliza mubashara, ukurasa wa Instagram na chaneli ya YouTube.

Ukuaji huu una njia yake, tofauti na ya wenzetu wa Ulaya. Kule redio ya kidijitali maana yake ni DAB, mfumo ambao mtambo mmoja unabeba vituo kumi na zaidi kwa pamoja, na msikilizaji ananunua redio ya aina hiyo. BBC ilianza mwaka 1995. Norway ilizima FM ya vituo vyake vya kitaifa mwaka 2017, na shirika la umma la Uswisi likafuata Desemba 31, 2024, likapoteza wasikilizaji wengi kiasi cha kuzua mjadala kama haraka ile ilikuwa na maana. Tanzania iliifanya kazi ya namna hiyo kwenye televisheni tu: Dar es Salaam ilizimiwa analojia Desemba 31, 2012, Mbeya ikafuata mwaka 2013, na nchi nzima ikaingia kwenye ving'amuzi. Redio iliachwa kwenye FM yake, kati ya megahazi 87.5 na 108, na nadhani ilikuwa busara. Kumlazimisha mwananchi anunue king'amuzi kwa ajili ya televisheni kulileta manung'uniko ya kutosha. Redio ya mkulima isingeguswa kwa amani.

Kwa hiyo udijitali wa redio yetu umeingia kwa milango ya pembeni. Umeingia studio kwanza, ambako kompyuta imechukua nafasi ya kanda na sahani za santuri. Ukaingia kwenye ving'amuzi, maana baadhi hubeba na redio, na nyumba nyingi husikiliza redio kwenye runinga bila kuliona kuwa jambo la ajabu. Kisha ukaingia kwenye simu.

Na ukaingia kwenye memori kadi, mlango ambao wachambuzi wa sekta huusahau. Pita mashamba ya umwagiliaji ya bonde hili wakati wa kuvuna vitunguu. Redio unayoikuta imening'inizwa kwenye mti ni ile ndogo ya Kichina: ina kipande cha sola mgongoni, tochi upande mmoja, tundu la flashi na tundu la memori kadi. FM ikikwaruza, mwenye shamba habadilishi kituo. Anabonyeza kitufe kimoja, singeli na kwaya alizowekewa kwenye kibanda cha kuchaji simu zinaendelea hadi jioni. Mpinzani mkubwa wa redio ya Iringa bondeni humu ni kadi iliyo ndogo kuliko kucha, isiyosoma taarifa ya habari wala kutangaza bei ya gunia. Kituo cha jirani hakiinyang'anyi wasikilizaji wengi kiasi hicho.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo penye biashara. Matangazo ya mtandaoni kwa ubora wa kawaida wa kilobiti 64 kwa sekunde hula karibu megabaiti 29 kwa saa. Msikilizaji wa saa tatu kwa siku, yaani taarifa ya asubuhi, michezo na kipindi cha usiku, anamaliza gigabaiti 2.6 kwa mwezi. Kwa mfanyakazi wa ofisini Mbeya mjini hilo ni bando lake la kawaida. Kwa kibarua anayelipwa kwa gunia alilobeba, ni pesa ya unga. Upande wa kituo nako kuna bili. Wasikilizaji elfu moja kwa wakati mmoja wanahitaji njia ya megabiti 64 kwa sekunde, na wakifika elfu kumi, mara kumi ya hiyo. Mtambo wa FM haujui hesabu hizo. Ukishauwasha, umeme na dizeli ni vilevile, awe anasikiliza mtu mmoja au wilaya nzima, na msikilizaji halipi kitu zaidi ya betri.

Kwa kifupi, FM humtoza mwenye kituo, na mtandao humtoza kila anayesikiliza. Wenye vituo wakijisifu kwamba wamepanua usikivu bila kujenga mnara, wanasahau kusema nani ameulipia upanuzi huo.

Hata hivyo hawana wazimu. Wanaufuata mkondo wa pesa. Nchi ina vituo vya redio zaidi ya 200 vinavyogombania wateja walewale wa matangazo: kampuni za simu, vinywaji, benki, michezo ya kubahatisha na taasisi za serikali. Wakala wa matangazo wa Dar es Salaam anataka namba. FM haina namba ya papo kwa papo. Ina tafiti za hapa na pale na maneno ya meneja masoko. YouTube ina namba, tena hadharani. Ndiyo maana studio za Clouds, EFM na Wasafi zimejaa kamera na taa, na kipindi cha michezo cha redio sasa kinatazamwa. Vituo vya mikoani navyo vinaiga, mara nyingi kwa simu moja iliyosimamishwa mbele ya meza. Matokeo yake, msikilizaji anayehesabika ni yule mwenye bando. Mkulima wa Mbuyuni anayesikiliza FM kwa shida, na anayenunua mbegu, dawa na mbolea kila msimu, hamo kwenye jedwali la wakala.

Zamani alihesabika. Enzi za kadi za salamu, msikilizaji alinunua kadi, akaijaza majina ya ndugu na marafiki, akaituma kwa posta. Mwenye kipindi alijua barua zimetoka wapi kwa kusoma mihuri. Sasa salamu zinakwenda kwa ujumbe wa simu na WhatsApp, na kituo kinabaki na namba ya kila aliyetuma. Vituo vingi haviifanyii kazi orodha hiyo, ingawa ni mali kuliko mibofyo ya YouTube.

Wapo waliokwisha kuonyesha njia. Farm Radio International, iliyoanza majaribio yake ya redio ya wakulima hapa nchini mwaka 2007, ilitumia kubipu: mtangazaji anauliza swali, msikilizaji anapiga namba moja kwa ndiyo na nyingine kwa hapana, simu inakatika, hela haikatwi. Kompyuta ya studio inahesabu. Simu ya kiswaswadu inatosha, na meneja masoko anapata namba ya kumpelekea muuza mbolea. Fikiria swali la lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo, likiulizwa hivyo msimu wa vitunguu, wanunuzi wa Dar es Salaam wakiwa wamepanga foleni barabarani. Kipindi hicho kingejiuza chenyewe.

Kuna hatari nyingine ambayo haimo kwenye mipango mingi ya biashara. Tangu kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, redio ya mtandaoni ni biashara ya leseni, na kanuni zenyewe zimebadilishwa zaidi ya mara moja. Kisha Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatika nchi nzima na kukaa hivyo kwa siku kadhaa. Kituo kilichokuwa na mtambo wa FM kiliweza kuendelea kuwa hewani. Kilichokuwa na kiungo cha mtandao pekee kilikuwa kimefungwa. Mwekezaji anayeambiwa kwamba mnara ni teknolojia ya kizamani aikumbuke wiki hiyo.

Sisemi vituo viache mtandao. Mtoto wa Kilolo anayesoma ughaibuni anaisikiliza Iringa kwa sababu ya mtandao, na mfanyabiashara anayesafiri na vitunguu vyake hadi Dar es Salaam haiachi redio ya kwao hata akipita Mikumi. Lakini kwa kituo cha wilaya chenye fedha za jambo moja tu mwaka huu, mtambo mdogo wa kurushia upya matangazo bondeni utaleta wasikilizaji wengi kuliko programu mpya ya simu.

Na mtambo huo hauhitaji mnara wake. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote na kampuni za simu walisaini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Antena ya FM ya redio jamii inaweza kufungwa kwenye mnara uleule na kutumia umeme uleule. Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) na Mfuko wanapopanga awamu zijazo, waandike nafasi hiyo kwenye mkataba tangu mwanzo, na wazitoze redio za wilaya kodi inayolipika.