Sura ya Sita: Mkono wa Mchezaji, Jicho la Mtazamaji

Mwaka 1993 Hollywood ilitoa filamu ya Super Mario Bros., iliyotokana na gemu lililopendwa duniani kote: fundi bomba mwenye masharubu anakimbia, anaruka, anatumbukia shimoni, anaanza upya. Humo hamkuwa na hadithi ya kujaza filamu, hivyo watengenezaji wakabuni mji wa giza unaokaliwa na wazao wa dinosaria. Filamu ilipata hasara, na Bob Hoskins, aliyeigiza Mario, alikuja kusema hadharani kwamba ndiyo kazi mbaya kuliko zote alizowahi kufanya. Kwa miaka mingi baada ya hapo, ilisadikika kwamba gemu haliwezi kuzaa filamu nzuri.

Imani hiyo ilikuwa na msingi. Mtazamaji wa filamu huguswa kwa kumwona mtu mwingine akitenda. Kwenye gemu, mtendaji ni yeye mwenyewe. Adui aliyekuua mara ishirini, siku ukimwangusha, furaha ni yako kwa sababu jasho ni lako. Hata hadithi dhaifu husameheka, maana vidole vina kazi. Mnyang'anye mchezaji pedi, mketishe sinema, umwonyeshe fundi bomba yuleyule akiruka: utamu wote umebaki nyumbani. Ndiyo maana filamu nyingi zilizonakili mavazi, silaha na majina ya wahusika ziliambulia makapi ya muwa uliokwisha kutafunwa.

Kwa hiyo mwongozaji anapaswa kwanza kujua mkono wa mchezaji ulikuwa ukifanya kazi gani, kisha atafute namna ya kuifanya kazi hiyo kwa jicho. Edge of Tomorrow ya mwaka 2014 inaonyesha kwamba namna hiyo ipo. Chanzo chake ni riwaya ya Kijapani, lakini mwendo wake ni wa gemu kabisa: askari anayeigizwa na Tom Cruise anakufa vitani, anaamka siku ileile, anajifunza, anakufa tena. Uhariri unaruka marudio na kutuonyesha kile tu kilichobadilika. Tunamwona akipata ujuzi, na muda wa saa mbili unatosha.

Mfano mkubwa zaidi ni The Last of Us, gemu la mwaka 2013 la studio ya Naughty Dog. Kuvu limegeuza watu kuwa viumbe wakali, na Joel, aliyefiwa na binti yake, anamvusha Marekani msichana Ellie, ambaye maambukizi hayamdhuru. Mwaka 2023 HBO ilionyesha tamthilia yake, iliyobuniwa na Neil Druckmann, mwandishi wa gemu lenyewe, pamoja na Craig Mazin, mtunzi wa tamthilia ya Chernobyl.

Kwenye gemu, mchezaji anakutana na Bill, mtu mkali anayeishi peke yake katika mji aliouzungushia mitego. Mwenzake, Frank, tunamkuta ameshakufa, ameacha barua ya uchungu. Gemu halikuweza kutupa zaidi, kwa kuwa hapo mchezaji amefungwa ndani ya mwili wa Joel, naye Joel ana safari. Kamera haina kifungo hicho. Sehemu ya tatu ya tamthilia inamwacha Joel njiani na kukaa na wanaume hao wawili wanaopendana, miaka nenda rudi, hadi wanapozeeka na kufa pamoja. Sehemu hiyo inaachana kabisa na yale ya kwenye gemu, na bado inalitendea haki gemu hilo kuliko unakili wowote, kwani inazungumza jambo lilelile: mtu hujitoa kiasi gani kwa yule anayempenda.

Yapo pia yaliyopotea. Mwishoni, madaktari wanataka kumpasua Ellie ili wapate tiba, na upasuaji huo utamuua. Joel anaua ili amwokoe. Kwenye gemu, hadithi haisongi mpaka wewe mwenyewe umuue daktari mpasuaji. Hatia inabaki vidoleni mwako. Tamthilia isingeweza kukupa hatia hiyo. Ilichofanya ni kupunguza milio ya risasi, kuweka muziki wa huzuni, na kutuacha tumtazame Joel kwa nje. Mchezaji alikuwa mshiriki. Mtazamaji anakuwa shahidi, na shahidi huona sura ya muuaji, ambayo mshiriki hana nafasi ya kuitafakari.

Arcane, tamthilia ya katuni ya mwaka 2021 iliyotokana na gemu la League of Legends, ilipita njia ileile ya Bill na Frank. Gemu hilo ni pambano la timu mbili, na ndani ya pambano hadithi ni haba. Watengenezaji wa tamthilia, ikiwemo studio ya Fortiche ya Paris, walichukua wahusika wawili, Vi na Jinx, wakawajengea udugu unaovunjika. Mwaka 2022 kazi hiyo ilishinda tuzo ya Emmy.

Basi filamu na tamthilia nzuri za gemu zinawezekana, na zipo. Uaminifu wake haupimwi kwa kofia ya Mario wala kwa wingi wa matukio yaliyonakiliwa. Upime kwa ujasiri wa mtengenezaji: je, alikwenda pale ambapo mchezaji, akiwa na pedi mkononi, hakuweza kufika?