Atomu Zilezile, Vitu Tofauti

Tukifika kemia ya kaboni, huwaambia wanafunzi wangu waje na udongo wa kichuguu na kiberiti. Kila kikundi hufinyanga vidonge viwili vikubwa vya kaboni, kimoja cha oksijeni na sita vidogo vya hidrojeni. Njiti ndizo vifungo. Kaboni ishike njiti nne, oksijeni mbili, hidrojeni moja.

Hata darasa liwe na watu sitini, mezani hutokea maumbo mawili tu. Waliounganisha kaboni kwa kaboni wamepata ethanoli, kilevi kilichomo ndani ya gongo, inayochemka kwenye nyuzijoto 78. Walioipachika oksijeni katikati ya kaboni wamepata dimethili etha, ambayo huchemka nyuzi 24 chini ya sifuri, kwa hiyo kwetu ni gesi. Udongo uleule, njiti zilezile nane! Vitu vya namna hii Berzelius, mwanakemia wa Uswidi, alivipa jina la isoma mwaka 1830.

Isoma nyingine hutofautiana kwa upande tu. Kaboni mbili zikifungwa kwa njiti mbili hazizunguki tena. Asidi ya oleiki ya kwenye mafuta ya kula ina mikia yake upande mmoja, nayo ni kimiminika. Mkia mmoja ukihamia ng'ambo, inaganda.

Kisha huvua kandambili zangu na kuziweka mezani. Urefu sawa, soli sawa, lakini ya kushoto haikai vizuri mguu wa kulia. Kaboni iliyoshika vitu vinne tofauti huzaa jozi kama hiyo, na hapa ndipo ninapotaka kila mtoto wa mfugaji anisikilize. Nyumbani tulifuga mbuzi, nikinywesha dawa ya minyoo bila kujua maana ya jina lake. Tetramisoli ni mchanganyiko wa kushoto na kulia, nusu kwa nusu. Kinachoangamiza minyoo ni cha kushoto. Cha kulia karibu hakisaidii kitu, ila kinamwongezea mnyama sumu. Cha kushoto kilipotengwa kikaitwa levamisoli, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kushoto.

Kwa kawaida mbuzi hupewa miligramu 15 za tetramisoli kwa kila kilo ya uzito wake, lakini levamisoli ni 7.5 tu. Mfugaji mwenzangu, soma jina kwenye chupa kabla hujapima.